Mkuu, chana hilo daftari la maneno mbadala kabla ya Jumatatu

Salamu baadaye. Nimesoma uzi wako nikiwa kaunta hapa dukani, chai imepoa na mteja mmoja nimemtoroshea jirani kwa sababu yako.

Umesema una kigugumizi, na Jumatatu unaanza kazi ya kukatisha tiketi na kupokea simu kwenye ofisi ya mabasi. Unataka mazoea madogo ya kila siku. Mpaka hapo sina neno. Kisha ukaongeza kwamba K ndiyo inakukaba, kwa hiyo umeshafungua daftari la maneno mbadala, na abiria wa Kigoma utamwambia "mwisho wa reli". Mkuu! Na wa Kasulu utamwambia nini? Wa Kibondo je? Wa Kahama? Utachora ramani?

Ile kauli uliyoinakili, "usipambane na neno, lizunguke", naijua. Mimi niliinunua. Elfu themanini, mwaka 2014, kwa jamaa aliyejiita kocha wa ufasaha. Nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, nikapewa orodha ya maneno magumu na wenzake rahisi. Yeye mwenyewe anaongea kama redio, hajawahi kukwama hata kwenye foleni ya magari pale Tazara, Dar. Nikikutana naye leo nitamwambia ninachomfikiria, na nitakwama kila neno makusudi ili achelewe kuondoka.

Ngoja nikuambie orodha ile ilinifanya nini.

Nilikuwa nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye duka la mzee mmoja. Mimi tatizo langu ni A mwanzoni mwa neno. Koo linafunga, hewa haipiti, macho yananitoka kama nimemezea mwiba wa sato. Sasa brek pedi zilizokuwa zinatoka sana pale bei yake ilikuwa elfu arobaini na tano. Tafuta kisawe cha arobaini, mkuu. Nakusubiri.

Mwanzoni nilitanguliza "yaani". Yaani arobaini na tano. Ilifanya kazi kama mwezi hivi, halafu "yaani" yenyewe ikaanza kugoma, nikawa na maneno mawili ya kukwamia badala ya moja. Wateja wa kaunta niliwaandikia kwenye kikokotoo nikawageuzia, wakadhani ndio utaratibu wa duka. Ila mafundi wa Morogoro na Dodoma walikuwa wanapiga simu. Simu haina kikokotoo. Fundi anauliza, "Pedi shilingi ngapi?" Kimya. "Haloo? Haloo?" Anataka kukata. Basi mdomo ukachagua namba inayotoka: thelathini na nane.

Ndiyo, mkuu. Nilishusha bei kwa elfu saba ili nisitamke neno moja. Na fundi naye si mjinga, akishasikia thelathini na nane anaomba thelathini na tano. Nitabishaje? Kubisha ni kuongea zaidi.

Habari zikaenea kwamba pale kuna kijana mpole, hana makuu. Simu zikaongezeka, na kwa wiki kadhaa mzee alinisifia! Mimi nafidia kidogokidogo mfukoni, nala mihogo mchana, najiambia mwisho wa mwezi nitajipanga. Siku ya kuhesabu mali, upungufu ukakutwa laki sita na ushee.

Mzee akaniketisha, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hela ziko wapi?" Jibu nilikuwa nalo. Hela zipo kwa mafundi wa Morogoro, kwa sababu siwezi kutamka arobaini. Ila ili nimweleze hivyo ilibidi nitamke arobaini. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Mzee akaniangalia vile nilivyokuwa natoka jasho, akahitimisha mwenyewe. Mtu mwenye haki hajibu kwa kimya, ndivyo alivyoona. Nikakatwa mshahara, nikaondoka, na Gerezani nzima nikawa yule dogo aliyemwibia mzee. Miaka minne hakuna duka lililonipa kaunta. Nilibeba maboksi.

Hiyo ndiyo bei ya kulizunguka neno. Na haikuishia dukani. Nikwambie kingine, ucheke: neno "andazi" halitoki kwangu, "maandazi" linatoka vizuri tu. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naagiza maandazi mawili wakati nataka moja. Piga hesabu ya miaka. Hiki kitambi mnachokiona si cha starehe.

Baadaye nilionana mara tatu tu na dada mmoja mtaalamu wa tiba ya usemi, nauli na ada vikanishinda. Ila mara ya kwanza tu alinieleza kitu ambacho kocha hakukijua au hakutaka kukisema. Kila ukilikwepa neno, unaifundisha akili yako kwamba lile neno ni nyoka. Kesho linakuja na ndugu zake. Ndiyo maana orodha yangu ilianza na maneno sita na ikajaza daftari la kurasa tisini na sita. Akanisimulia habari za Charles Van Riper, Mmarekani mwenye kigugumizi aliyekuja kuwa bingwa wa tiba hii na kuanzisha kliniki ya usemi kule Michigan mwaka 1936. Ujanani aliwahi kujifanya kiziwi na bubu ili afanye kibarua shambani bila kuongea na mtu. Nikafarijika. Yeye alijifanya bubu akalipwa, mimi nilijifanya bubu nikakatwa mshahara.

Kwa hiyo zoea langu ni moja, na ndilo nakupa: kila siku, neno moja unaloliogopa, kwa mtu halisi, bila kulibadilisha. Si mbele ya kioo. Kwenye kioo hata mimi ni mtangazaji. Na kwenye kuimba pia, sisi wengi hatukwami tukiimba au tukisoma pamoja na wenzetu, kwa hiyo usijidanganye kwamba kaswida zimekuponya.

Mimi nilianzia kwa mama wa chai. Andazi moja. Siku ya kwanza nilikwama mpaka aliyekuwa nyuma yangu akasema "mpe mandazi huyo". Nikamwomba anyamaze, nikalimaliza mwenyewe. Wiki iliyofuata yule dada akanipa zoezi la kichaa: nikwame kwa hiari. A-a-a-andazi, taratibu, bila kukaza koo, huku namtazama mama usoni. Aibu? Niliona kama nimesimama uchi Mnazi Mmoja. Mama akaniuliza, "Na chai?" Basi. Hilo ndilo janga nililolikimbia miaka yote.

Ukikwama bila kupenda, usilitupe neno katikati. Limalize lilivyo, nyamaza kidogo, kisha lirudie polepole, ukiianza ile herufi kwa wepesi. Usirudie ili kumfurahisha mteja, rudia ili koo lijue kuna njia nyingine.

Na kwenye simu, sentensi yako ya kwanza Jumatatu iwe: "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Watu wazima wenye hali hii ni kama 1 kati ya 100, haitapita wiki mbili kabla hujapokea simu ya mwenzako naye anahangaika kukutajia Kahama. Hata Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, tena akaomba na Haruni wa kumsaidia. Hakusema atazunguka.

Sijapona, nisikudanganye. Leo asubuhi tu nimekwama kwa konda. Anauliza kituo cha "Sheli wapo?", na mimi wa kushuka nipo, "wapo" haitoki, nikashushwa kituo cha Malapa nikarudi kwa miguu. Ila kaunta nimepata tena, ya kwangu safari hii, ndogo, na bei zangu nazitaja mwenyewe.

Uliuliza pia kuhusu programu ya simu, na tangawizi, na kitu gani tena... mtoto? Nitarudi kuusoma uzi vizuri. Kuna jamaa kaingia anataka plagi nne. Moja ni elfu kumi.

Ngoja nikamtajie.