Kwa muuguzi aliyeuliza: nimechoka na kazi, niandike barua ya kuacha?

Mdogo wangu, umesema hata ukipata siku mbili za mapumziko bado unaamka umechoka, mgonjwa akiita "nesi" unakereka, na barua ya kuacha kazi umeshaianza. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na hayo yote nimeyapitia. Wengi waliokujibu wamekwambia upumzike, usali, uvumilie. Kupumzika na kusali ni vizuri. Hilo la kuvumilia silikubali, maana ndilo lililotumaliza wengi.

Kilichonitisha mimi hakikuwa mwili kuchoka. Ilikuwa ni ile siku mama analia kwa uchungu, nami sauti yake inanipita tu kama redio ya jirani. Nilidhani nimekuwa mtu katili. Baadaye ndipo nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, linaielezea hali hii ya kuchoshwa na kazi, kwa Kiingereza "burnout", kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi lolote la maana. Na haikuwekwa humo kama ugonjwa, bali kama hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Kwa hiyo huo moyo mgumu unaojilaumu nao ni dalili, siyo tabia yako. Na kama chanzo ni kazi, dawa nayo lazima iiguse kazi.

Nilichukua likizo nikaenda Tanga kwa shangazi. Siku za mwanzo nililala tu, shangazi akadhani ni mjamzito. Nilirudi nina nguvu, lakini haukupita muda mrefu nikawa vilevile, kwa sababu rosta ilikuwa ileile: usiku, mchana, usiku tena, halafu siku ya kupumzika kundi la WhatsApp la wodi linakuita kuziba pengo la mwenzako. Na usingizi wa mchana katika chumba cha bati, joto la Dar na watoto nje, unaujua mwenyewe.

Kilichonisaidia ni daftari. Kila zamu niliandika saa niliyoingia, saa niliyotoka na idadi ya wagonjwa tuliokuwa nao. Kisha tukaenda kwa matroni watu watatu, siyo mmoja. Usiende peke yako kulia kwamba umechoka. Utaambiwa sote tumechoka. Nenda na saa zilizoandikwa na ombi linalotekelezeka. Sisi tuliomba zamu za usiku zifuatane, zikiisha mtu apumzike kabla ya kurudi mchana, na asiyekuwa zamu asiitwe isipokuwa kwa dharura ya kweli. La kwanza na la pili tulikubaliwa. La tatu bado tunalipigania.

Ijue pia sheria, maana wengi wetu tunasaini mkataba bila kuusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne na zilipwe mara moja na nusu, kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, na likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili. Usiyataje kwa ugomvi. Yataje kwa sauti ya kawaida, daftari likiwa mkononi.

Kabla ya yote hayo, pima. Sisi wauguzi tunapima watu kutwa, wenyewe hatupimwi. Angalia wingi wa damu, malaria, tezi ya shingo. Na jiulize kwa ukweli: mbali na kazi, bado kuna kitu kinakufurahisha? Kama hata nyumbani hakuna, huli, hulali, au unawaza kufa, usisubiri rosta ibadilike. Nenda kliniki ya afya ya akili wiki hii hii. Hapa Dar, Muhimbili ipo. Hakuna aibu yoyote.

Barua iweke kabatini kwanza. Una marejesho ya kikoba na ada ya mdogo wako, umesema mwenyewe, na mwezi wa kwanza bila mshahara utakuchosha kwa namna nyingine. Omba kuhamishwa kitengo. Mimi nilihamia kliniki ya mama na mtoto, kazi ya mchana, na huko ndiko nilikoanza tena kuwauliza akina mama habari za nyumbani. Wakikunyima kila kitu, tafuta kazi nyingine ungali ndani, ukiipata ndipo uipeleke hiyo barua.

Anza daftari zamu ya kesho. Ukishaonana na matroni, rudi hapa utuambie amejibu nini, tukusaidie kuandika ombi lenyewe.