Maji yakiisha, mchezo unaanza

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuandaa mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika katika dunia iliyoporomoka na wenzako wanne mtandaoni, mmoja akiwa London. Anza na uhaba, ramani itafuata. Chagua vitu vitatu tu vya kufuatilia: maji, risasi na dawa. Ukihesabu kila kopo la maharage, kikao chote kitaishia kwenye hesabu.

Maji yape dadu ya pande sita, irushwe kila siku ya mchezo inapoisha. Ikitoka 1 au 2, shukeni kwenye dadu ya pande nne; hiyo nayo ikitoa 1 au 2, maji yamekwisha. Kwa wastani yanadumu siku 5, basi weka kisima kinachofuata mwendo wa siku 4 au 6. Hapo ndipo wataanza kubishana kwa dhati, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kabla ya kuanza, kila mmoja akuandikie faraghani mambo asiyotaka yaguswe. Njaa na ukatili huumiza watu kweli.

Saa pia: saa 2 usiku Dar ni saa 12 jioni London wakati wa kiangazi, lakini kuanzia mwisho wa Oktoba huwa saa 11. Mkumbushe mapema.