Kalamu ya akriliki kubaki na ukungu: tatizo liko ndani ya tundu, sio nje

Mkuu umeuliza kwanini kalamu yako ya wino ya akriliki (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo) umeipiga msasa mpaka nje imeng'aa vizuri lakini ukiiinua kwenye mwanga bado ina weupe fulani hivi, na kama kuna haja ya kuipitishia moto au kemikali. Mi nakereza kalamu za namna hii, na hizi za kuona wino ndani ndo nazipenda kuliko zote, kwahiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza fanya kipimo hiki kabla hujagusa msasa tena. Fungua mwili wa kalamu, jaza maji safi ndani, tazama kwenye mwanga. Weupe ukipotea au ukipungua sana basi ujue nje huna shida, shida iko kwenye kuta za tundu lililotobolewa katikati ya mwili wa kalamu. Mikwaruzo iliyoachwa na biti ya drili inatawanya mwanga kila upande, maji yakiingia kwenye ile mikwaruzo mwanga unapita karibu moja kwa moja kwa sababu maji yanapinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na akriliki, kwenye kipimo cha kupinda mwanga maji ni 1.33, akriliki 1.49, hewa ni 1 tu. Na kwa picha uliyoweka nina hakika ndo hiki. Watu wengi wanamaliza nguvu zote nje alafu ndani wanaacha vile drili ilivyoacha, kwenye kalamu ya rangi nzito haionekani, kwenye ya kuangaza inaonekana yote.

Sasa tundu zuri linaanzia kwenye kutoboa, sio kwenye kupolishi. Akriliki inaanza kulainika kwenye nyuzi joto kama 105 za Selsiasi hivi, na biti inayozunguka bila maji inafika huko haraka mno, ukiona unga mweupe unaganda kwenye biti au harufu tamu kali inatoka ujue tayari unayeyusha badala ya kukata. Mi napunguza mwendo wa mashine, natoboa kidogo natoa biti, nasafisha, natia maji yenye sabuni ya vyombo kidogo, narudi tena, taratibu hivo hivo mpaka mwisho. Naanza na biti ndogo, 6 mm, alafu 8, na ya mwisho napitisha rima (kifaa cha kusawazisha kuta za tundu) au biti iliyonolewa vizuri inayotoa kidogo tu. Biti za chuma ukizitumia kama zilivyotoka dukani zinajivuta zenyewe ndani ya plastiki na kuchana, kwahiyo chukua jiwe dogo la kunoa upitishe kwenye makali mpaka yawe yanakwangua badala ya kuuma. Chipsi zikitoka kama utepe mrefu laini, hapo uko sawa.

Halafu kuna suala la akriliki yenyewe. Iliyomiminwa kwenye kalibu inakatika safi na inapolishika vizuri, ile iliyosukumwa mashineni (hizi fimbo za bei rahisi nyingi ni hizo) inalainika mapema, inanata, na ndani yake ina mkazo mwingi, yaani plastiki imebaki ikivutana yenyewe kwa yenyewe. Ukinunua vipande kwa mafundi wa mabango waulize kabisa ni ipi, bei tu mara nyingi inakwambia.

Haya, kupolishi ndani. Tafuta kijiti cha mbao chembamba kuliko tundu, kipasue mwishoni, chomeka ukanda wa msasa wa maji uuzungushie mpaka ujae tundu bila kubana. Msasa wa maji huu wa mafundi rangi za magari unatosha, anza na namba 400 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi) kama mistari ya biti ni mikubwa au 600 kama tundu ni safi, kisha 800, 1000, 1500, 2000. Kazi yote na maji, mashine polepole, mkono uende mbele na nyuma usikae sehemu moja. Kila ukibadilisha msasa osha ndani kwa maji, kausha, weka tochi upande mmoja uangalie kutokea upande wa pili. Hapa naomba usiwe na haraka kabisa, maana mstari mmoja wa 400 uliobaki hautoki kwa 2000 hata ukae nao siku nzima, inabidi urudi nyuma. Pale mwisho wa tundu, kwenye kitako, ndo pagumu kuliko kote kwa sababu biti ya kawaida inaacha koni yenye mistari, tengeneza kijiti chenye kichwa cha mviringo ukifunge kitambaa. Ukimaliza msasa paka polishi ya plastiki kwenye pamba au kitambaa laini kwenye kijiti hicho hicho. Rabing ya magari (dawa ya kusugulia rangi ing'ae) iliyo laini inafaa pia, ile ya kukwangua nzito hapana.

Nje ni rahisi. Mi natumia vipande vya Micro-Mesh (msasa laini sana wa kupolishi) vinavyoanza 1500 mpaka 12000, na maji, na nikimaliza kila kimoja nasimamisha mashine napitisha kwa urefu wa kalamu ili kufuta mistari ya mzunguko. Gurudumu la kitambaa linaokoa muda lakini linapasha moto, gusa na kuondoka.

Moto na kemikali sishauri hata kidogo. Moto unang'arisha juu lakini unaacha mkazo kwenye plastiki, na hizo kemikali za kuyeyusha uso zina mvuke mbaya kwa mapafu na zinaondoa umbo la nyuzi za kufungia (ile mistari ya skrubu). Na huo mkazo ndo unaleta vile vinyufa vyembamba kama nywele vinavyotokea ghafla ukifuta kalamu kwa spiriti. Spiriti na akriliki iliyotoka kukerezwa ni maadui, safisha kwa maji na sabuni basi. Ukiwa na oveni ndogo yenye kipimajoto cha kuaminika, iweke kalamu kwenye nyuzi joto 80 kwa masaa kadhaa kabla ya polishi ya mwisho, alafu zima uiache ipoe humo humo na mlango umefungwa. Mkazo unapungua sana. Kwa kazi ya kumuuzia mtu naona hii ni lazima.

Kuhusu nyuzi za skrubu: nibu (ncha ya kuandikia) ya kampuni ya JoWo namba 6 na fidi yake (kipande kinachopeleka wino kwenye nibu) inakaa kwenye nyuzi za 7.4 kwa 0.5, yaani kipenyo mm 7.4 na umbali wa mm 0.5 kati ya uzi na uzi, nunua tapu yake (kifaa cha kukata nyuzi ndani ya tundu) kabisa usijaribu kukisia. Kwenye kifuniko tumia tapu na dai (ya kukata nyuzi za nje) za nyuzi tatu zinazokwenda sambamba, mfano 13 kwa 0.8, kila mzunguko unasogea 2.4 mm kwahiyo kifuniko kinafunguka haraka. Zile nyuzi zitabaki na weupe kidogo hata ufanyeje, zisafishe kwa mswaki wa meno na polishi, ukishatoa unga ulioganda inatosha.

Kama unataka kujaza wino moja kwa moja kwenye mwili bila pampu, weka oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) kwenye shingo na grisi ya silikoni kwenye nyuzi, usitumie ya petroli. Na usiiache wino ukabaki robo, joto la mkono linatanua hewa ndani na wino unadondoka kwenye karatasi. Wino wa kuchorea wenye shelaki (utomvu unaogeuka kama vanishi ukikauka) usiutie humo kabisa, unaganda kwenye fidi. Wino mwekundu na zambarau unashika kwenye mikwaruzo ya ndani ambayo msasa uliruka, kwahiyo jaribu kwanza na wa bluu unaoosheka, ukiacha mistari baada ya kuosha utajua wapi pa kurudia. Tuma picha ukishajaza maji, na useme hiyo fimbo ulinunua ya aina gani.