Adimu ya tanzanite si adimu ya sukari

Kazi yangu ni kusahihisha Kiingereza cha Waswahili wenzangu hapa Dar es Salaam: ripoti za mashirika, barua za wafanyabiashara, na siku hizi maombi ya vijana wanaotafuta ufadhili wa masomo. Sarufi ya wengi haina tatizo. Wanakwama wakifika kwenye vitu vilivyopungua. Iwe maji, dawa, dola au walimu wa hesabu, kila kinachokosekana kinaandikwa "rare", kwa sababu kamusi imesema "rare" ni adimu, basi, mjadala umefungwa.

Ninachowaambia ni kwamba kabla hujachagua neno, jiulize kitu chenyewe ni kidogo kivipi. Ni kichache tangu asili? Kipo, ila wanaokitaka ni wengi kuliko kilichopo? Kipo, ila kimetapanyika? Au kimepungua hadi kinatia huruma? Ukishajijibu, neno halikupi tena shida.

Chukua mpingo. Pale Mwenge kwenye vinyago nina rafiki yangu ambaye kila mgeni akishika kinyago yeye humwambia, "This is rare tree, madam." Mara nyingine inasaidia, mara nyingine anakutana na mgeni anayeijua miti, na hapo ubishi unaanza. Maana mpingo si mti "rare". Unaota kuanzia Senegal na Ethiopia hadi kusini mwa Afrika, na ukienda mwenyewe Kilwa utaukuta porini. Shida ni kwamba unakua polepole mno, miongo kadhaa mpaka ufae kuvunwa, na mti ulionyooka, wenye kiini kinene cheusi kisicho na ufa, unatakiwa na mchongaji wa Mwenge na unatakiwa pia na mtengenezaji wa klarineti huko Ulaya. Kwa hiyo mti upo. Kilichopungua ni gogo zuri kulingana na wanaolitaka, na hilo Mwingereza analiita "scarce". Nikamshauri aseme, "Big pieces like this are scarce now." Ni kweli, hakuna wa kumbishia, na mgeni anaelewa palepale kwa nini bei haishuki.

Ukitaka "rare" hasa, iko tanzanite. Iligunduliwa mwaka 1967 na inachimbwa Mererani, mkoani Manyara, basi. Hakuna mgodi mwingine wa kibiashara duniani. Hata kama kesho mapambo yake yatapitwa na fasheni na asiwepo wa kuinunua, itabaki "rare" vilevile, kwa sababu uchache umo ndani ya kitu chenyewe. "Scarce" inamhitaji mtu mwenye shida nacho. Ndiyo maana ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya maelfu ni "a rare disease". Ukiandika "a scarce disease", umesema kuna watu wanauhangaikia huo ugonjwa na wameukosa.

Tena "scarce" ina msimu. Maembe ni "scarce" mwezi wa sita, ifike Desemba yanaoza barabarani. "Rare" haina habari na kalenda.

Twende uwanjani. Wiki ya Simba na Yanga tiketi huwa "scarce", ingawa Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Tiketi zenyewe ni maelfu kwa maelfu, ila wanaozitaka hawahesabiki. Sasa njoo uwanja huohuo siku ya kazi, jioni, timu mbili ndogo zinacheza. Wawili wamekaa huku, watano kule, muuza karanga anatembea jukwaa zima kumfuata mteja mmoja. Hao ni "a sparse crowd". "Sparse" ni uchache wa kutawanyika, nayo inataka nafasi pana: nywele kwenye kichwa cha mzee, miti ya nyikani, nyumba za vijiji vilivyo mbalimbali. Kwa sensa ya 2022 mkoa wa Lindi ulikuwa na watu kama 18 kwa kilomita ya mraba, wakati Dar es Salaam tulikuwa zaidi ya 3,800. Lindi ni "sparsely populated". Ukiandika kwamba "people are scarce in Lindi", msomaji atadhani kuna mwajiri amepeleka matangazo ya kazi huko akakosa watu.

Kwa wanaoandika ripoti, kipengele kinachowaangusha zaidi ni hiki cha "shortage", "scarcity" na "lack". Mwishoni mwa 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka na jiji likaingia kwenye mgao. Wenye matangi walijaza matangi, sisi wa ndoo tukaamka usiku kusikilizia bomba. Hiyo ilikuwa "a water shortage": ilikuja, ikatutesa, mvua zikanyesha ikaisha. "Water scarcity" ni hali ya kudumu, mahali ambapo maji hayatoshelezi mahitaji mwaka hadi mwaka, mgao uwepo usiwepo. Wachumi wameivuta mbali zaidi. Kwao karibu kila rasilimali ni "scarce", hata siku ya neema, kwa kuwa matakwa ya binadamu hayana mwisho. "Shortage" wanaihifadhi kwa pale ambapo, kwa bei iliyopo, wanunuzi wanataka zaidi ya kilicholetwa sokoni. Mwanzoni mwa 2024 tuliiona kwa macho: mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa, serikali ikatangaza bei elekezi ya sukari, na ukifika kwa Mangi na hela yako mkononi unaambiwa haijaja, au unapimiwa robo kilo kwa kujuana. Usiite hiyo "rare sugar", maana itasikika kama kuna sukari ya aina yake.

"Lack" nayo ni kali kuliko tunavyodhani. Mfadhili akisoma "lack of nurses" anaweza kuona zahanati isiyo na muuguzi hata mmoja. Kama wapo wawili na wanatakiwa sita, andika "shortage of nurses" ili usije ukaulizwa hao wawili kwenye picha ya ukurasa wa nne wametoka wapi. Na "lack" ikitumika kama kitenzi haitaki "of". "We lack of water" naifuta karibu kila wiki.

Hapa Kariakoo wanisikilize vizuri, maana kiherufi kimoja kinakula hela. Dada mmoja anayeuza vitenge kwa jumla huwatumia wateja wake wa nje ujumbe: "Dear customer, we have few pieces remaining." Anachotaka kusema ni wahini, bado vipo. Anachosomwa ni kwamba karibu vimekwisha, usijisumbue. "Few" peke yake inanung'unika, "a few" inakaribisha. Si jambo geni kwetu, tunalifanya kila siku bila kulifikiria. Mtu akikujibu "hela kidogo ipo", unaweza kumkopa. Akisema "hela yenyewe kidogo", ameshakunyima. Ya kwanza ni "a little money", ya pili ni "little money". Vinavyohesabika vinachukua "few", visivyohesabika "little", na hiyo "a" ndiyo inayobeba habari njema.

Mengine nayapitia haraka. "Meagre" asili yake ni Kilatini cha kukonda, na inatembea na mishahara, milo na mavuno. Ina malalamiko ndani yake, kwa hiyo usimwandikie bosi kuhusu "my meagre salary" kama bado unautegemea. "Scant" inapenda visivyoshikika, kama "scant attention" au "scant evidence", na mara nyingi kuna anayelaumiwa. Ukiiongezea "y" ikawa "scanty", wengi wanafikiria nguo fupi, basi uwe mwangalifu unapoisifia sherehe ya mtu. "Dearth" imetokana na "dear" yenye maana ya ghali, yaani zamani ilikuwa njaa ya chakula kupanda bei. Leo ni uhaba wa kitu chochote, ipo kwenye tahariri za magazeti na sijawahi kuisikia dukani. "Paucity", yaani uchache tu, waachie wenye tasnifu.

Kimebaki kimoja, "rarely" na "scarcely", ambavyo watu huvibadilishana kana kwamba ni mapacha. "Rarely" inahesabu mara ngapi. "Scarcely" inapima kiasi, ni kama kusema kwa shida au karibu hapana. "My mother rarely eats meat" ni mama anayekula nyama mojamoja, pengine Idi kwa Idi, na hana neno. "My mother scarcely eats" ni mama ambaye chakula hakipiti. Kwenye barua ya kuomba ruhusa kazini, sentensi ya kwanza haikupi hata nusu siku. Ya pili unaweza kupewa wiki na nauli ya basi.