Mimi Muislamu, nimepangiwa chuo cha Kikatoliki, nitaishije?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimemaliza form six, natokea Mafinga, nimepata nafasi ya kusoma sheria Iringa kwenye chuo cha Kikatoliki. Kwetu ni Waislamu. Baba kafurahi ila bibi anasema nikienda huko nitabatizwa, na mimi mwenyewe nawaza hijabu, misa, Ijumaa, yaani sielewi. Nibadilishe chuo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usibadilishe chuo kwa hofu tu.

Tuanze na bibi, mwambie taratibu kwamba Kanisa Katoliki halimbatizi mtu mzima mpaka mwenyewe aombe, tena anafundishwa kwanza. Papa Yohane Paulo II mwaka 1990 alitoa hati ya vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote, inaitwa Ex Corde Ecclesiae, na imeandikwa humo kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Hiyo ndo sheria yao wenyewe, sio mimi nakubembeleza. Ila hati hiyohiyo inataka na nyie wa dini nyingine mtambue na kuheshimu kwamba chuo ni cha Kikatoliki, kwahiyo msalaba utaukuta ukutani, mkutano utafunguliwa kwa sala, we tulia kwa heshima mpaka wamalize, hakuna anayekudai ufanye ishara ya msalaba.

Hijabu, chukua fomu ya kujiunga usome sehemu ya mavazi mstari kwa mstari kabla hujalipa ada, pasipoeleweka piga simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi uulize wazi, na mahali pa kuswali uliza hapohapo, usingoje ukazuiwe getini na begi mkononi. Vipindi vya Ijumaa huwezi kuvipanga wewe, lakini diskasheni za grupu mnapanga wenyewe, sasa usikae kimya halafu ukaumia moyoni kwamba wamekutenga, sema tu jamani saa saba Ijumaa naswali, tukutane saa tisa. Wengi hawajui, hawana ubaya.

Na hapa naomba niongee na wenyeji, wanangu Wakatoliki na Walutheri na Wamoravian mnaosoma hapa, maana mimi ni Mkatoliki na hili linaniuma. Huku kwetu Iringa na Mbeya kitimoto ni kitoweo cha kawaida kabisa, haya, umepanga geto na mwenzio Muislamu, mna jiko moja la gesi na kikaango kimoja mlichochangia bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilipotoka, wewe unakaangia kitimoto unasuuza na maji ya baridi unamwambia kisafi hicho. Mtoto wa watu analala na chai. Hajatukanwa, hajafukuzwa, ila ameshajua pale sio kwake. Kula huko huko kibandani au nunua kikaango chako uweke pembeni, basi, na mwezi wa Ramadhani akiwasha taa usiku kupika daku mvumilie. Kanisa lilishasema tangu 1965 kwamba linawaheshimu Waislamu, sasa heshima hiyo mwenzio ataionea wapi kama sio kwenye hicho kikaango?

Wewe binti nenda, na bibi mpigie simu mara kwa mara asikie sauti yako.

SWALI: Mama, mimi ni CR, yaani mwakilishi wa darasa letu hapa Mbeya. Tuna mwenzetu anatembea na magongo, vipindi vingi viko ghorofani, vijana wanambeba. Yeye anacheka tu lakini naona hapendi. Nifanyeje?

JIBU: Umeona vizuri mwanangu. Muulize yeye kwanza, pembeni, sio mbele ya darasa, anataka nini. Halafu nenda kwa anayepanga ratiba ukaombe darasa lenu lishushwe chini, kuhamisha kipindi hakugharimu kitu, ngazi zenyewe watazihangaikia baadaye. Wakizungusha waandikieni barua mkitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, chuo cha dini nacho kinahusika. Wakati mnasubiri asibebwe bila kuulizwa, hata kama mwalimu ameshaingia, na siku akishindwa kupanda mtu amrekodie kipindi amtumie siku hiyohiyo.