Mfuko wa saruji juu ya ubao: anza kwa kugeuza mihimili

Katika kufundisha tuisheni ya fizikia nimeona kwamba wanaokwama kwenye swali la kitu kilichotulia juu ya mteremko hukwama kabla hata ya kushika kikokotoo. Kwa mazoea wanachora mhimili (mstari wa kupimia mielekeo ya kani) mmoja wa mlalo na mwingine wa wima, kisha wanajikuta na kani mbili zilizokaa mshazari, yaani msuguano na msukumo wa ubao, zote zikidai kugawanywa. Laza mhimili mmoja sambamba na ubao, wa pili uukate kwa pembe mraba. Kani hizo mbili zitaangukia zenyewe kwenye mihimili, nawe utabaki na uzito peke yake wa kugawanya.

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya ubao wa mita 3 ulioegemezwa kwenye bodi ya lori, kimo cha mita 1.5. Kimo ni nusu ya urefu wa ubao, kwa hiyo sini ya pembe ni 0.5 na pembe yenyewe ni nyuzi 30. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo, uzito ni nyutoni 500, ukielekea chini kama kamba ya timazi. Sehemu inayouvuta mfuko kuteremka ni 500 mara sini 30, yaani nyutoni 250. Inayoukandamiza ubao ni 500 mara kosini 30, kama nyutoni 433.

Kwenye sini na kosini ndipo wengi hubahatisha. Usikariri. Laza ubao chini kabisa kichwani mwako: pembe ni sifuri, mfuko hauna sababu ya kuteleza, basi sehemu ya kuteremka lazima iwe sifuri. Sini ya sifuri ni sifuri, kosini yake ni 1. Umemaliza. Na ukishaugawanya uzito, ukate mshale wake wa awali kwenye mchoro, la sivyo utauhesabu mara mbili.

Alama nyingi zaidi hupotelea kwenye msuguano. Swali likitoa namba ya msuguano (kipimo cha jinsi nyuso mbili zinavyoshikana), tuseme 0.7, mwanafunzi huizidisha haraka na 433, akapata 303, akaandika kuwa huo ndio msuguano. Sasa kama msuguano unapandisha kwa 303 na uzito unateremsha kwa 250, mfuko si ungepanda lori wenyewe? Hizo 303 ni kikomo tu, kiasi cha juu kabisa ambacho msuguano unaweza kufika. Mfuko umetulia, kwa hiyo msuguano ni 250, kiasi kilekile kinachohitajika. Inua ubao taratibu na msuguano utaongezeka, hadi tanjenti ya pembe, yaani sehemu ya kuteremka ukiigawa kwa ile ya kukandamiza, ifike 0.7, karibu nyuzi 35. Ukipita hapo mfuko unateleza. Kilo hazimo kabisa kwenye sharti hilo: mfuko wa kilo 25 wa karatasi ileile utateleza kwenye pembe ileile.

Mtu akiusukuma mfuko hadi ukaribie kupanda, msuguano nao unageuka kuelekea chini. Atapambana na 250 na 303 kwa pamoja, jumla nyutoni 553, zaidi ya uzito wa mfuko wenyewe. Kwa ubao wa namna hiyo, vijana wa kupakia wanaoutupa mfuko begani na kupanda nao hawajakosea hesabu. Pipa la mafuta ni habari nyingine, maana hilo linaviringishwa.