Kibanio cha kidoleni, mama anapopitishiwa mrija wa moyo

Ndugu, umeuliza kuhusu mama anayepelekwa Nairobi kukaguliwa mishipa ya moyo kwa mrija mwembamba: hapa Goma kibanio cha kidoleni, kinachopima oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 94, na shangazi wanataka awekewe oksijeni kabla ya safari. Mimi ni muuguzi wa ganzi hapahapa Goma, na nilikaa miezi kadhaa nikijifunza kwenye chumba cha ukaguzi wa namna hiyo.

Tulieni kwanza. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya juu huwa nyepesi. Kwa mtu mzima asiyepumua kwa shida, 94 hapa si ajabu. Mombasa ningeuliza maswali. Ila kwa ngozi nyeusi kama zetu mashine huweza kusoma juu kuliko damu yenyewe, kwa hiyo nikiona 91 sibishani nayo, naomba ipimwe damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni.

Oksijeni si dawa ya kuongezea tu. Utafiti wa Sweden uliotoka 2017, wagonjwa zaidi ya 6,000 waliodhaniwa kupata shambulio la moyo, wote wakiwa na 90 au zaidi, haukuona kwamba oksijeni ilipunguza vifo. Waambie shangazi, kwa upole.

Mrija mara nyingi hupita kifundo cha mkono. Sisi kibanio tulikiweka kwenye gumba la mkono huohuo: kinasoma oksijeni, na kinaonyesha kama damu bado inafika vidoleni. Mrija ukishatoka, kifundo hufungwa kuzuia damu. Mawimbi ya mapigo ya damu kwenye skrini yakizimika, umekaza mno, legeza.

Kinachonitia hofu mimi ni dawa za kutuliza. Mtu hulegea hadi anasahau kuvuta pumzi, na kama ana oksijeni puani, namba hubaki juu kwa muda huku kifua kimenyamaza. Nilidanganyika hivyo mara moja, kwa mama mmoja mgonjwa. Nimekodolea 98, daktari akauliza, "Mbona mama hakoromi tena?" Tukamtikisa bega, tukamwita, akavuta pumzi ndefu kama aliyetoka majini. Siku hizi naangalia kifua, ndipo skrini.

Mama aseme mapema dawa zote anazokunywa, za usingizi hasa. Na verni ya kucha aifute nyumbani, hasa nyeusi au bluu. Kama vidole vina hina ya harusi, hiyo haifutiki. Awaambie wamwekee kibanio sikioni.